Deizi na Mibaruti ya Kusini: Fani ya Maandishi ya Nyikani

Ua katika ushairi wa mwambao hujulikana kwanza kwa harufu yake. Asumini, waridi, kilua, mkadi, langilangi na rehani ndiyo maua na majani yaliyozoeleka katika tungo za Kiswahili, na takriban yote ni ya uani au ya shamba lililo karibu na nyumba. Huchumwa kwa mkono, yakafungwa kikuba, yakatiwa nyweleni au yakatandazwa kitandani. Mshairi akitaja asumini hahitaji kusema ina petali ngapi, imeota katika udongo wa namna gani, wala imechanua mwezi gani. Msikilizaji amekwisha kuinusa. Ua limekuwa ishara, na ishara haihesabiwi petali.

Huo ni utajiri, wala hapana haja ya kuutakia radhi. Lakini kila utajiri una mpaka wake. Ushairi uliojengwa juu ya harufu huwa na maneno machache kwa ua lisilonukia, na ushairi wa bustani hupungukiwa la kusema mbele ya ua ambalo hakulipanda mtu, lililoota juu ya mawe mahali pasipopita njia, na ambalo huenda mwaka ujao lisiwepo tena. Ua la namna hiyo lina fasihi yake, ingawa wahakiki hawajazoea kuiita fasihi. Nayo ni maandishi ya wachunguzi wa nyikani: madaftari ya safari, vibandiko vinavyogundishwa kwenye karatasi za mimea iliyokaushwa, na maelezo mafupi ya spishi adimu. Uhakiki huu unayatazama maandishi hayo kwa jicho lile lile linalotazama shairi, ukiuliza yana kanuni gani, yanaona nini, yanaficha nini, na yanakosea wapi. Mfano uliochaguliwa ni wa deizi na mibaruti ya Kusini mwa Afrika, kwa sababu hapana jamii ya maua inayompima mwandishi zaidi ya hiyo.

Yafaa kwanza majina yawekwe sawa. Deizi ni wa ukoo mmoja na alizeti. Ni wa ukoo mmoja pia na kishonanguo, kile kijimea cha kando ya njia ambacho mbegu zake hung'ang'ania nguo za mpita njia, na pakanga, ambayo uchungu wake umekuwa methali. Ama mbaruti, neno hilo katika mwambao hutumika kwa mmea wa miiba wenye ua la manjano uliotoka bara la Amerika, ambao kwa hakika ni wa ukoo mwengine kabisa. Lakini wasemaji wa Kiswahili, pamoja na wafasiri wa Biblia, wamelipanua neno likawa jina la mmea wowote wa chini wenye majani ya miiba, na kwa maana hiyo pana linatumika hapa. Mibaruti ya Ulaya imefika Afrika Kusini pia, nayo huko huhesabiwa kuwa magugu. Inayozungumzwa hapa ni ile ya wenyeji, hasa ya jenasi iitwayo Berkheya, yenye spishi zaidi ya sabini, nyingi zikiwa na majani ya miiba na maua ya manjano, meupe au ya zambarau.

Jina hilo lina kisa kinachowahusu wapenzi wa mashairi. Johannes le Francq van Berkhey, aliyezaliwa Leiden nchini Uholanzi mwaka 1729 na kufa huko mwaka 1812, alikuwa mtaalamu wa elimu ya viumbe, na papo hapo alikuwa mshairi. Tasnifu yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1760 ilihusu muundo wa maua ya mkusanyiko, yaani maua ya ukoo huu huu wa deizi. Jenasi ya mibaruti ya Kusini ilipopewa jina lake, mshairi alipewa ukumbusho wenye miiba, na pengine hapana ukumbusho unaomfaa mshairi kuliko huo.

Jambo alilolichunguza Berkhey ndilo msingi wa fani yote inayozungumzwa. Kile kinachoitwa ua la deizi si ua moja. Ni baraza. Katikati yake wamekaa vijiua vingi vidogo vyenye umbo la bomba, kila kimoja kikiwa na sehemu zake za kiume na za kike. Pembezoni, katika spishi nyingi, vimejipanga vijiua vya namna nyengine, kila kimoja kimenyoosha ulimi mmoja wa rangi ambao mtazamaji wa haraka huuita petali. Anayechuma deizi moja amechuma kijiji kizima. Mwandishi wa nyikani hulazimika kulijua hilo kabla hajaandika neno la kwanza, maana maelezo yake yatakuwa ya wengi wanaoonekana kama mmoja. Mshairi anayesema "ua" hapati taabu hiyo. Mchunguzi anayo kila siku, na taabu hiyo ndiyo inayoyapa maandishi yake usahihi ambao mara nyingi huzaa uzuri bila kuutafuta.

Maandishi haya yana arudhi yake. Kibandiko cha mmea uliokaushwa kina nafasi ndogo kama ubeti, na kila kilichomo kina mahali pake: jina la spishi, mahali palipopatikana, mwinuko, mteremko na upande unaoelekea, aina ya udongo, mimea ya jirani, urefu wa mmea, rangi ya ua likiwa bichi, tarehe, jina la mkusanyaji na namba yake. Rangi huandikwa papo hapo kwa sababu ua likikauka rangi hupotea, na udongo huandikwa kwa sababu karatasi haiubebi. Kwa maneno mengine, kibandiko huandika yale ambayo mmea wenyewe hautaweza kuyasema ukishafika ghalani. Hii ni kanuni kali ya ufupisho. Mtunzi wa shairi hubanwa na mizani na vina. Mwandishi wa kibandiko hubanwa na swali moja, nalo ni lipi litakalopotea lisipoandikwa sasa. Neno lisilojibu swali hilo ni la ziada.

Sheria ya majina nayo ilikuwa na ukali wake. Tangu kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1753 kila mmea hupewa jina la maneno mawili. Na kuanzia mwaka 1935 hadi mwisho wa mwaka 2011 spishi mpya ya mmea haikukubaliwa mpaka ielezwe kwa Kilatini, lugha isiyokuwa ya mtu yeyote sokoni. Tangu mwaka 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Mtu anaweza kuicheka desturi hiyo, lakini anayejua namna watunzi wa mwambao walivyoyahifadhi maneno ya kale kwa sababu ya ubeti hatashangaa kuona kwamba kuna elimu iliyoamini kuwa jambo zito lahitaji lugha isiyobadilika.

Tazama sasa fani hii ikifanya kazi. Katika nyasi za ukanda wa ukungu wa KwaZulu-Natal huota deizi iitwayo Gerbera aurantiaca, ijulikanayo pia kwa jina la mji wa Hilton. Ni ua la rangi kali, toka nyekundu hadi ya machungwa na manjano, linalosimama juu ya kikonyo kitupu kutoka majani yaliyolala chini. Sehemu kubwa ya nyasi hizo imegeuzwa mashamba na misitu ya kupandwa, na deizi hii imo katika orodha ya mimea iliyo hatarini. Mtalii akiona mamia ya maua yake katika uwanja mmoja ataandika kwamba ameona mamia ya mimea. Mchunguzi ataandika kwa tahadhari, kwa kuwa mmea huu hutambaa chini ya ardhi na kuchipua upya, hata kundi zima la maua likaweza kuwa mmea mmoja uliojieneza. Na kwa kuwa mmea huu haujitungishi wenyewe, uwanja uliojaa maua ya mmea mmoja waweza kutoa mbegu haba sana. Kinachoonekana kuwa wingi ni upweke.

Hapa ndipo thamani ya nathari hii inapodhihirika. Deizi moja ni maua mengi, na maua mengi huenda yakawa deizi moja. Mshairi angelipenda tanakali hiyo ya maana na angeliitunga kwa makusudi. Mchunguzi ameikuta ardhini na ameiandika kwa sababu bila ya kuiandika hesabu yake ingekuwa ya uongo. Msomaji hupata mshituko ule ule ambao hutafutwa na kitendawili, na tofauti ni kwamba kitendawili hiki kikikosewa kujibiwa, kuna kitu duniani kitakachokufa kwa kosa hilo.

Kinyume cha usahihi huo ni nathari ya zulia. Namaqualand, kaskazini magharibi ya Afrika Kusini, hupata mvua zake wakati wa kipupwe, na kufikia mwezi wa Agosti na Septemba nchi iliyokuwa kavu hufunikwa na deizi za rangi ya machungwa, nyeupe na manjano. Waandishi wa safari wamekwisha kuliita jambo hilo zulia mara nyingi hata neno limechakaa kama zulia lenyewe. Tashbiha hiyo ina makosa matatu. Kosa la kwanza ni la macho. Zulia hukaa vile vile mchana kutwa, ilhali deizi hizi hufumbuka jua likishapanda na joto kuingia, hufumba alasiri, na siku ya mawingu hukataa kabisa kufunguka. Huelekeza nyuso zao kwenye jua, hivyo anayetembea akilielekea jua huona migongo yao tu, naye hana budi kuligeuzia jua mgongo ili aone nyuso. Maandishi mazuri ya nyikani hutaja saa na mawingu. Zulia halina saa.

Kosa la pili ni la maana. Zulia hutandikwa ili likanyagwe, nalo humfanya mtazamaji kuwa mgeni wa heshima aliyetandikiwa. Lakini hakuna aliyetandikiwa. Deizi hizo zinafanya haraka ya kuzaa kabla mvua haijakatika. Dimorphotheca sinuata, deizi ya machungwa iliyo mashuhuri kuliko zote huko, hubeba ndani ya baraza moja mbegu za maumbo mawili: vijiua vya kati hutoa mbegu bapa zenye mabawa membamba ya kupeperushwa, na vijiua vya pembezoni hutoa mbegu ngumu zisizo na mabawa. Jina lenyewe la jenasi, kwa Kigiriki, lazungumzia maumbo hayo mawili. Ni kama mzazi anayempeleka mwana mmoja safari na kumbakisha mwengine nyumbani, asijue upande gani utakuwa na mvua. Tashbiha ya zulia hufunika khofu hiyo yote.

Kosa la tatu ni zito zaidi. Mazulia makubwa ya Namaqualand aghalabu huonekana katika mashamba yaliyolimwa zamani yakaachwa, kwa kuwa mimea ya msimu mmoja hustawi penye udongo uliovurugwa. Kwa hivyo, mwandishi anayelisifu zulia kama sura ya asili isiyoguswa huenda anasifu kovu. Vilivyo adimu haviko hapo. Viko kwenye kiraka cha ufinyanzi pembeni ya shamba la ngano, au kwenye changarawe nyeupe ya kokoto za kwatzi, vidogo, peke yao, na pengine havina rangi ya kumwita mtu. Sifa ya jumla humpeleka msomaji pasipo na haja naye, ikamwacha asiende penye haja.

Katika nchi hiyo hiyo mna deizi nyengine inayostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa istiara. Ni Gorteria diffusa, deizi ndogo ya machungwa ambayo, katika baadhi ya maeneo, imeota kwenye baadhi ya ndimi zake madoa meusi yaliyoinuka, yenye mng'aro, mfano wa inzi aliyetua. Inzi dume wa aina fulani hulijia doa akidhani ni jike, hujaribu kumpanda, na katika kuhangaika kwake hubeba chavua kwenda ua jengine. Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na katika mwaka 2023 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba doa hilo limetokana na makundi ya jeni za zamani zilizopewa kazi mpya, hapana hata kundi moja lililozuliwa kwa ajili ya udanganyifu huo.

Mshairi atayatambua mambo haya mara moja. Istiara nayo haizui maneno. Huyachukua yaliyopo, yaliyokuwa na kazi nyengine, ikayapanga hata kitu kikaonekana kuwa kitu chengine. Nayo istiara, kama lile doa, haifanyi kazi bila ya mwenye shauku. Lakini linalostahili kuangaliwa zaidi ni namna wachunguzi walivyoandika. Hawakuliita ua hili laghai wakaishia hapo. Waliandika ni madoa mangapi, yako kwenye ndimi zipi, dume hukaa juu yake muda gani, na kwamba kutoka bonde moja hadi jengine umbo la madoa hubadilika, pengine ndimi zote zikawa na madoa na inzi asihadaike kiasi hicho. Kwa kukataa kuhukumu upesi walipata hadithi kubwa kuliko ya laghai mmoja: lugha yenye lahaja.

Ama mibaruti, hiyo humpima mwandishi kwa njia nyengine. Miiba huwaalika watu kwenye mafunzo ya maadili. Mara nyingi mmea wa miiba katika fasihi huwa mfano wa laana, wa ubahili au wa uzuri usiofikika. Berkheya purpurea, mbaruti wa milima ya Drakensberg na Lesotho wenye ua la zambarau hafifu, ungeweza kuandikiwa mawaidha ya namna hiyo. Maandishi ya nyikani huuliza swali la chini zaidi: miiba iko wapi? Katika spishi moja iko kingoni mwa jani tu, katika nyengine imetanda hadi juu ya jani, katika nyengine imelizingira baraza la ua kama ua wa miti uzungukao nyumba. Kila mahali palipo na mwiba ni jawabu kwa mdomo fulani uliokuja kula.

Na mara nyengine silaha haionekani. Karibu na Barberton, mkoani Mpumalanga, pana udongo uliotokana na miamba yenye madini ya nikeli kwa kiasi kinachoidhuru mimea mingi. Hapo huota Berkheya coddii, mbaruti wenye ua la manjano, ambao huivuta nikeli hadi majani yake yakikaushwa yakawa na zaidi ya sehemu moja katika mia ya madini hayo. Jambo hilo lilitangazwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo wapo mbawakawa wanaoula mmea huo na kuishi. Mshairi wa maadili angelisema kwamba kila silaha ina mwenziwe. Mwandishi wa nyikani ametaja mwamba, mmea, kiasi na mdudu, akamwachia msomaji kusema lolote atakalo. Kunyamaza huko ni sehemu ya fani.

Pamoja na sifa hizo, uhakiki wa haki hauwezi kuyanyamazia mapungufu, na pungufu kubwa la maandishi haya ni la kiutu. Carl Peter Thunberg alikusanya mimea ya Rasi tangu 1772 hadi 1775. Francis Masson alitumwa huko na Bustani ya Kew katika mwaka huo huo wa 1772. William Burchell alifika mwaka 1810, akasafiri kwa gari la ng'ombe hadi 1815, akarudi na vielelezo vya mimea vinavyozidi 50,000. Burchell aliandika vitabu viwili vya safari, vilivyotoka 1822 na 1824, ambamo wanaonekana wazi Wakhoikhoi waliomwendeshea gari, waliomwindia na waliomwonyesha njia. Lakini kwenye karatasi za mimea namba ni ya Burchell peke yake. Ufupisho ule uliosifiwa hapo juu, wa kuandika litakalopotea lisipoandikwa, haukumhesabu mtu aliyeliona ua kwanza. Kilichoachwa nje ya kibandiko kilipotea kweli, na hapana hebaria inayoweza kukirudisha.

Pamoja na watu yaliachwa majina. Kisa cha deizi ya Barberton chatosha kuwa ushahidi. Ua hilo lilielezwa katika jarida la kitaalamu mjini London mwaka 1889 kwa jina la Gerbera jamesonii: neno la kwanza lamkumbuka Traugott Gerber, Mjerumani, na la pili lamkumbuka Robert Jameson aliyelipeleka kutoka nchi ya dhahabu. Kutokana nalo, kwa kupandishwa na jamaa zake, yametoka maua ya gerbera ambayo leo huuzwa duniani kote na huonekana katika kumbi za harusi za miji ya Afrika ya Mashariki. Wanaoyapanga mezani hawajui kwamba asili yao ni majabali ya Mpumalanga. Ua lililopewa majina mawili ya wageni limesafiri dunia nzima bila ya kubeba hata herufi moja ya kwao.

Lakini majina ya kwao yapo, na mtu akiyasikiliza ataona kwamba uchunguzi wa nyikani haukuanza na Thunberg. Berkheya setifera, mbaruti wa nyasi za mashariki wenye majani makubwa yaliyojaa nywele ngumu, Wasotho huuita leleme-la-khomo. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mfasiri: ni ulimi wa ng'ombe. Neno hilo limesema ukubwa wa jani, umbo lake na mkwaruzo wake mkononi, likasema pia kwamba aliyelitunga aliwahi kulambwa na ng'ombe. Kibandiko cha kitaalamu kingehitaji mistari miwili kusema hayo. Kadhalika kishonanguo: jina hilo moja lina mbegu, lina miba yake midogo, lina kanga ya aliyepita nayo na lina njia ambayo mmea hutumia kusafiri. Ni uchunguzi kamili wa uenezaji wa mbegu uliofanywa na watu wasiokuwa na karatasi. Jina la mmea likitungwa vyema huwa shairi fupi kuliko yote, na watu wa nyanda za Kusini na wa mwambao wametunga mengi ya namna hiyo kwa kanuni ile ile.

Karne hii imeleta mabadiliko katika fani hii, na mengi ni ya kheri. Mwaka 2003 ulianzishwa nchini Afrika Kusini mpango wa wananchi walinzi wa maua adimu, unaojulikana kwa kifupi kama CREW, ambao huwapeleka watu wa kujitolea, walimu, wakulima na wastaafu, kwenda kutafuta mimea iliyo hatarini na kuandika walichokiona. Mwaka 2009 ilichapishwa orodha nyekundu iliyopima mimea yote ya nchi hiyo, zaidi ya spishi 20,000. Katika Rasi peke yake mna spishi kiasi cha 9,000, na ukoo wa deizi ndio ulio mkubwa kuliko koo zote, ukiwa na spishi zipatazo 1,000. Lugha ya orodha hiyo ni kavu, lakini ukavu wake una uzito wa hukumu. Moja katika vigezo vyake ni kwamba ikibaki mimea iliyokomaa isiyofika 50 duniani kote, spishi huingia daraja la hatari kubwa kuliko zote kabla ya kutoweka. Hapo ndipo msomaji anapofahamu kwa nini swali la mmoja au wengi halikuwa la mchezo.

Mfano ulio bora wa maandishi ya zama hizi ni ule wa jenasi iitwayo Marasmodes. Hivi ni vichaka vidogo vya nyanda za chini za Rasi, vyenye majani membamba na vibaraza vidogo vya manjano visivyokuwa na ndimi za pembezoni. Huchanua wakati wa vuli ya huko, baina ya Machi na Mei, wakati ambao watafutaji wa zulia wako majumbani. Takriban spishi zake zote zimo hatarini, kwa kuwa makao yao, yale magugu ya kijivu yaitwayo renosterveld na jirani zake, yamelimwa ngano na mizabibu hata katika nyanda za chini kimebaki chini ya sehemu moja katika kumi. Ua hili halina chochote cha kumsaidia mwandishi. Halinuki, halina rangi ya kujivunia, halina umbo la kustaajabisha, wala halina kisa. Anayeliandika anabaki na udongo, mwezi, urefu na hesabu. Na bado maelezo yake, yakiandikwa kwa uaminifu, humgusa msomaji kuliko kurasa kumi za zulia, kwa sababu hayakuomba ua liwe zuri kwanza ndipo listahiki kutazamwa.

Fani hii imejifunza pia kuficha. Zipo deizi za jenasi ya Othonna zenye mashina mazito kama vijiwe, ambazo wezi huzing'oa na kuziuza kwa wakusanyaji wa nchi za mbali. Na wizi wa mimea ya namna hiyo ulizidi sana kaskazini magharibi ya nchi tangu mwaka 2019. Kwa sababu hiyo mahali pa mimea kama hiyo hapachapishwi. Mwandishi husema mmea upo, husema una hali gani, husema umeonekana mwaka gani, kisha kile kilichokuwa nguzo ya kibandiko, yaani mahali, hukiacha wazi kwa makusudi. Watu wa mwambao wanaijua adabu hiyo kwa jina la fumbo. Fumbo halikuwa pambo tu katika utamaduni wa Waswahili. Lilikuwa njia ya kusema jambo mbele ya watu wote na kulilinda na wasiostahiki. Maandishi ya nyikani yamefika hapo kwa njia ya uchungu, lakini yamefika.

Ikiwa ni hivyo, maandishi haya yana la kuwapa washairi wa visiwani, na washairi wana la kuyapa. Yatawapa ujasiri wa kuliandika ua kabla ya kuligeuza ishara: kuuliza limefumbuka saa ngapi, limeota juu ya nini, nani amelijia. Asumini haitapungua harufu kwa kuulizwa hivyo. Nao washairi watayapa kile yalichokipoteza pale jina la mwonyesha njia lilipoachwa nje ya karatasi, yaani imani kwamba aliyeona na kilichoonwa huandikwa pamoja. Kishonanguo kipo kila kiambazani, Unguja na Pemba, hakijaingia katika kikuba wala hakitaingia. Bado kina baraza lake la vijiua vya manjano, kina safari zake, na kina jina ambalo Linnaeus hakuweza kulipata. Kusini, vichaka vya Marasmodes vinangojea vuli na mtu wa kuvihesabu. Hapa mwambaoni kazi ni nyepesi zaidi, nayo ni kuyakusanya majina hayo ya mimea kutoka vinywani mwa wazee wanaoyajua, wakati wangali hai.